Kadi iko mfukoni, fedha zinaondoka

Wizi wa kadi kwa njia ya kielektroniki hauji kwa kishindo. Unaanza na ujumbe mfupi wa benki kwamba kadi imelipa kiasi kidogo mno, pengine kisichotosha hata kununua kalamu, kwa mfanyabiashara asiyejulikana. Mwenye kadi anapapasa mfuko, anaikuta kadi ipo, anatulia. Kosa la kwanza liko hapo, na wengi tuliopita njia hii tumelifanya: kudhani kwamba kadi iliyo mkononi haiwezi kuwa imeibwa.

Muamala ule mdogo ni jaribio. Anayenunua namba za kadi zilizoibwa hununua nyingi kwa mkupuo, na hajui zipi bado zinafanya kazi. Hupitisha malipo madogo, au hata uhakiki wa sifuri usiotoa fedha yoyote, aone benki inajibu nini. Ikikubali, namba hiyo inawekwa kando kwa kazi kubwa. Kati ya jaribio na wizi wenyewe panaweza kupita dakika chache, panaweza kupita wiki kadhaa. Anayekaa siku 3 bila kuona jambo jipya hujiambia yamekwisha, kumbe foleni haijamfikia.

Wakati mwingine namba haikuvuja popote. Tarakimu za mwanzo za kadi hutambulisha benki. Zamani zilihesabiwa 6, sasa mfumo umehamia kwenye 8. Programu ya mwizi inazichukua hizo, inabuni zinazofuata, na tarakimu ya mwisho inaikokotoa kwa kanuni ya Luhn, hesabu ya kuhakiki namba za kadi, ambayo si siri hata kidogo. Kadi iliyokaa kabatini tangu siku ilipotolewa inaweza kushambuliwa hivyo. Aliyepatwa na hili asipoteze usiku akijiuliza alikosea wapi.

Saa ya kwanza

Fungua programu ya benki kwenye simu, uifungie kadi. Ni kazi ya nusu dakika, na kama ulikosea unaifungua tena. Kisha piga simu benki kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi. Usipige namba iliyomo ndani ya ujumbe ulioupokea, hata kama ujumbe huo umeingia kwenye mfululizo uleule wa ujumbe halali wa benki. Jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na simu ikiona jina lilelile huupanga ujumbe wa tapeli pamoja na ule wa kweli. Ujumbe wa "kadi yako imetumika, piga hapa kuzuia" humnasa hasa mtu makini, kwa kuwa ndiye anayekimbilia kuzuia. Na akipiga mtu akijitambulisha kuwa yuko kitengo cha usalama cha benki, kata simu, halafu upige mwenyewe. Ofisa wa kweli hawezi kuudhika kwa hilo.

Kufungia kadi si kuifuta. Kufungia huzuia ununuzi mpya, lakini benki nyingi huacha malipo ya usajili wa kila mwezi yaendelee kupita. Wapo waliofungia, wakalala wakiamini wako salama, na asubuhi wakakuta makato mapya. Ukimpata ofisa, sema bila kuzunguka: muamala huu sikuufanya mimi, naomba namba hii ifutwe na nipewe kadi yenye namba mpya. Maneno yana uzito hapa. Ukisema "kuna malipo siyaelewi", malalamiko yako yanaweza kuandikwa kama mgogoro kati yako na muuzaji. Utaambiwa umtafute muuzaji kwanza, na kadi itaachwa hai.

Kabla ya kukata simu, uliza maswali 4 na uandike majibu. Kuna majaribio yaliyokataliwa, na yalikuwa lini? Malipo yalipitaje: kwa chipu, kwa kugusisha kadi au simu kwenye mashine, kwa utepe wa sumaku (ule ukanda mweusi nyuma ya kadi), au kwa kuandika namba mtandaoni? Je, yalithibitishwa kwa namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu? Na kadi hii imeunganishwa na simu au vifaa vipi?

Wengi hawaulizi, na hasara yake huonekana baadaye, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoonyesha tundu liko wapi. Malipo yaliyoandikwa mtandaoni bila uthibitisho wowote mara nyingi yanamaanisha namba ilivuja kwenye tovuti fulani au ilibuniwa. Yaliyopita kwa utepe wa sumaku yanaelekeza kwenye ATM au mashine ya malipo iliyotegwa. Yaliyopita kwa chipu pamoja na namba ya siri yanadai uangalie vizuri kama kadi uliyoshika ni yako, kwani wapo wanaobadilishiwa kadi mbele ya ATM na msaidizi asiyeitwa. Na yaliyopita kwa kugusisha simu, ilhali wewe hukuwa na simu hiyo, yana maelezo yake hapa chini.

Namba iliyoombwa kwa ajili ya kifurushi

Aina hii ndiyo inayouma zaidi. Unaingia ujumbe kwamba kifurushi chako kimekwama na unatakiwa kulipa ada ndogo. Linki inafungua ukurasa unaofanana na wa kampuni ya usafirishaji. Mtu anaandika namba ya kadi, tarehe ya kuisha, tarakimu 3 za nyuma. Upande wa pili, dakika ileile, mwizi anaziingiza taarifa hizo kwenye pochi ya malipo ya simu yake mwenyewe, yaani programu inayoifanya simu ilipe kama kadi. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwa mwenye kadi. Ukurasa bandia unaiomba. Anaiandika akidhani anaidhinisha ile ada, kumbe anaidhinisha simu ya mgeni iwe kadi yake. Tangu hapo mwizi haihitaji namba ya siri ya kadi. Anagusisha simu dukani kama mteja yeyote, na kila malipo yanathibitishwa kwa uso au kidole cha mwizi mwenyewe.

Jambo linalotia uchungu ni kwamba mara nyingi ujumbe wa benki ulikuwa umesema wazi namba ile ni ya kazi gani. Haukusomwa. Macho yaliruka moja kwa moja hadi kwenye tarakimu, na simu nyingi siku hizi huzijaza zenyewe hata usipousoma. Kwa hiyo jizoeze kusoma sentensi nzima kabla ya kuandika tarakimu hata moja. Inataja kiasi gani? Inataja muuzaji yupi? Ikisema kwamba ni ya kuongeza kadi kwenye simu au pochi, na wewe huongezi kadi popote, funga ukurasa hapohapo.

Na kama uliiandika, mwambie ofisa ukweli. Aibu huwafanya watu wakane, "sikumpa mtu namba yoyote", na ni aibu inayoeleweka. Hakuna anayependa kuonekana mjinga. Lakini benki ina kumbukumbu: namba ilitumwa dakika fulani, ikaingizwa dakika iliyofuata. Anayekana kilichoandikwa anampa ofisa sababu ya kutilia shaka hata sehemu ya madai iliyo kweli tupu. Eleza ulivyodanganywa, hatua kwa hatua, tunza ujumbe wa tapeli bila kuufuta, na taja kwamba huenda kadi imeingizwa kwenye simu nyingine. Bila taarifa hiyo, ofisa anaweza kukutolea kadi mpya huku ile iliyoko kwenye simu ya mwizi ikiendelea kufanya kazi. Pochi za simu hazitumii namba iliyochapwa kwenye plastiki. Zina namba mbadala, na benki ina uwezo wa kuihamishia namba hiyo mbadala kwenye kadi mpya bila mtu kufanya lolote. Omba vifaa vyote vilivyounganishwa vifutwe, halafu uunganishe simu yako upya.

Wiki zinazofuata

Muamala mpya hukaa kwanza katika hali ya kusubiri, kwa kawaida siku 1 hadi 3 za kazi, ndipo uandikwe rasmi. Benki nyingi hazipokei fomu ya pingamizi hadi uandikwe. Hiyo haina maana kwamba usubiri kupiga simu. Kadi inafutwa leo, fomu inafuata. Piga picha ya skrini muamala ukiwa bado unasubiri, maana jina la mfanyabiashara linaweza kubadilika ukishaandikwa, na baadaye utajikuta unashindwa kuonyesha kwamba ni muamala uleule.

Kabla ya kutia saini kwamba muamala si wako, hakikisha si wako. Jina linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi ni la kampuni mama, si lile lililo juu ya mlango au kwenye tovuti. Muda wa majaribio ya bure wa huduma fulani unaweza kuwa umeisha. Mtu wa nyumbani anaweza kuwa amenunua kitu kwenye mchezo wa simu. Kupinga malipo yaliyo halali kunaweza kukufungia akaunti kwa muuzaji, na kadi itakuwa imefutwa bure.

Kwa kanuni za Visa na Mastercard, benki kwa kawaida ina siku 120 za kupeleka pingamizi la udanganyifu. Muda huo ni wa benki. Mkataba wako au sheria inayokuhusu inaweza kukupa siku chache kuliko hizo, kwa hiyo andika siku ileile ulipogundua. Weka daftari moja: tarehe, saa, jina la ofisa, namba ya malalamiko, alichoahidi. Simu za aina hii hupigwa mara 3 au 4, na kila mara hupokelewa na mtu mwingine ambaye hajui lolote.

Hapa ndipo tofauti ya kadi ya mkopo na kadi ya akaunti inapoonekana. Kwa kadi ya mkopo, kinachobishaniwa ni deni. Fedha zako bado ziko. Kwa kadi iliyofungwa kwenye akaunti, fedha zimekwishaondoka, na malipo mengine uliyopanga yanaanza kurudi kwa kukosa salio. Uliza kama benki hurejesha fedha kwa muda wakati uchunguzi ukiendelea. Ikirejesha, usizitumie kana kwamba kesi imekwisha, kwani zinaweza kuondolewa tena. Kwenye kadi ya mkopo, endelea kulipa sehemu ya deni usiyoipinga kwa tarehe yake. Wapo walioacha kulipa kila kitu kwa hasira, wakaishia na riba na faini za kuchelewa ambazo mwizi hakuhusika nazo.

Kadi mpya nayo ina mtego wake. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, ili usajili usikatike. Ni huduma nzuri kwa mtu ambaye kadi yake imeisha muda tu. Lakini kama mwizi alitumia kadi yako kujisajili mahali fulani, makato yale yanaweza kukufuata hadi kwenye namba mpya, na mwenye kadi akaamini kwamba hata hiyo mpya imeibwa. Mwambie ofisa mapema: nataka namba hii isipelekwe kwa mfanyabiashara yeyote. Benki nyingi zinaweza kumtoa mteja kwenye huduma hiyo. Halafu kaa chini uandike malipo yako yote ya kujirudia na uyabadilishe mwenyewe, moja moja. Inachosha, na lile ulilosahau litajitokeza kwa kukatiwa huduma, lakini baada ya hapo kila anayekukata utakuwa umemruhusu.

Zinakovujia

Utepe wa sumaku ndio sehemu dhaifu kuliko zote za kadi. Taarifa zake hazibadiliki. Akisoma mwizi mara moja, anaweza kuziandika kwenye plastiki nyingine. Chipu hufanya kazi kwa namna nyingine: ndani yake kuna ufunguo usiotoka, na kila malipo hutengenezewa msimbo wake ambao haufai kwa malipo mengine. Mwishoni mwa mwaka 2013, programu haribifu iliyowekwa kwenye mashine za malipo za maduka ya Target nchini Marekani ilinyakua taarifa za kadi takriban milioni 40 katika muda wa wiki 3 hivi, na zilikuwa na thamani kwa wezi kwa sababu kadi za huko wakati huo zilitegemea utepe. Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kwamba itauondoa utepe hatua kwa hatua, na kwamba ifikapo 2033 hakuna kadi yake ya mkopo wala ya akaunti itakayokuwa nao. Mpaka wakati huo, kama programu ya benki yako inakuruhusu kuzima matumizi ya utepe, uzime. Ukiambiwa na muuzaji kwamba chipu haisomi na kadi ipitishwe kwa utepe, gusisha, au lipa kwa njia nyingine.

Kwenye ATM, shika mdomo wa kuingizia kadi na uutikise. Kifaa cha kunakili kilichobandikwa juu hulegea au hutofautiana rangi na mwili wa mashine. Vipo vinavyotumbukizwa ndani kabisa visivyoonekana, kwa hiyo kinga ya uhakika zaidi ni kuficha namba ya siri: kiganja kimoja kifunike kibodi kizima kwa juu huku kingine kikibonyeza, maana kamera ndogo huwekwa juu au pembeni. Pasipo namba ya siri, nakala ya utepe haitoi fedha kwenye ATM. Kitendo hiki kimoja kinafaa kuliko kuchunguza mashine kwa dakika 5.

Mtandaoni, alama ya kufuli kwenye kivinjari haitoshi. Inathibitisha kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa, basi. Mwaka 2018 wadukuzi waliingiza mistari 22 tu ya msimbo wa programu kwenye tovuti halisi ya shirika la ndege la British Airways, ikawa inanakili kila kinachoandikwa kwenye fomu ya malipo, pamoja na tarakimu 3 za nyuma ambazo kwa kanuni za usalama muuzaji haruhusiwi kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa. Wateja zaidi ya 400,000 waliguswa, na mwaka 2020 shirika hilo lilitozwa faini ya pauni milioni 20. Wateja hao hawakufanya kosa lolote. Waliandika namba yao kwenye tovuti sahihi.

Ndiyo maana, baada ya yote haya, ushauri ulio na nguvu kuliko mwingine ni kuihesabu namba ya kadi kama kitu ambacho tayari kimevuja, na kuifanya isimfae aliyeiokota. Benki ikitoa kadi pepe, yaani namba ya mtandaoni isiyo na plastiki, tumia moja kwa kila muuzaji na uiwekee kikomo cha kiasi unachokusudia kulipa. Ikivuja, unaifuta hiyo peke yake, na kesi ya wiki kadhaa inakuwa kazi ya dakika moja. Kama benki haina, tenga kadi moja ya mtandaoni yenye kikomo kidogo, na kwenye kadi kuu uzime malipo ya mtandaoni. Lipa kwa pochi ya simu panapowezekana, kwa kuwa muuzaji hupata namba mbadala na msimbo wa mara moja. Washa taarifa za kila muamala kuanzia kiwango cha chini kabisa. Wengi huziweka kwa kiasi kikubwa ili simu isisumbue, na ndivyo jaribio dogo linavyopita bila kuonekana. Usihifadhi kadi kwenye kivinjari cha kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Linda barua pepe kwa nywila yake ya pekee, maana anayeiingia barua pepe yako anaweza kubadili nywila za maduka yote ulikohifadhi kadi. Na simu ikikosa mtandao ghafla mahali ambapo kwa kawaida upo, uliza kampuni ya simu mara moja kama laini yako imehamishiwa kwa mtu mwingine.

Kuhusu pochi za kuzuia mawimbi

Baada ya kuibiwa, kitu cha kwanza ambacho watu hununua ni pochi ya kuzuia mawimbi ya redio. Hofu yake ina asili ya kweli. Kadi ya kugusisha huwasiliana kwa masafa ya megahezi 13.56, na kifaa kilichosogezwa sentimita chache kinaweza kusoma namba na tarehe ya kuisha bila mwenyewe kujua. Lakini hakisomi tarakimu 3 za nyuma wala namba ya siri, na msimbo wa malipo kinachoupata hauwezi kutengeneza nakala ya kadi. Mwizi anayetaka kupitisha malipo kwa mashine mfukoni mwa mtu lazima awe na akaunti ya mfanyabiashara, na akaunti hiyo ina jina. Ni kazi kubwa kwa mavuno madogo, wakati namba maelfu zinapatikana kwa kudukua tovuti moja.

Ukitaka kujikinga hata hivyo, usitumie fedha nyingi. Karatasi ya alumini ya jikoni, iliyokunjwa ikafunika kadi pande zote 2, huzuia mawimbi hayo. Ijaribu: weka kadi ndani ya karatasi hiyo na uigusishe kwenye mashine ya malipo wakati unalipa. Mashine isipoiona, kinga inafanya kazi. Kwa anayepata amani ya moyo kwa hilo, ni sawa kabisa. Ila asihesabu kwamba amemaliza kazi.

Kadi ya zamani ikishafutwa, ikate kwa mkasi: katikati ya chipu, kwa urefu wa utepe wa sumaku, na kupitia tarakimu 3 za nyuma, vipande vitupwe siku tofauti. Ya kugusisha ina waya mwembamba uliozunguka ndani ya plastiki, kwa hiyo ikate na pembeni pia. Halafu soma taarifa ya akaunti mstari kwa mstari kwa miezi 3 inayofuata, ukianzia kwenye viasi vidogo.